Kisu Kilichoazimwa



Tangu mvua za masika zilipopungua na upepo wa kusi ukashika njia yake, maswali tunayoletewa barazani baada ya sala ya Ijumaa yamebadilika sura. Juma lililopita tuliulizwa juu ya mabiringani mara nne, na juu ya mirathi mara moja tu. Hatulalamiki. Mboga ni jambo linaloingia katika kila jungu, na mama anayechuma mchicha wake nyuma ya nyumba ana utulivu ambao anayesubiri mkokoteni upite hana. Isitoshe, huu ndio msimu wenyewe. Wakati wa kaskazi joto huzidi, maua ya nyanya hupukutika kabla ya kushika tunda, na visima huingia chumvi. Wakati wa kusi hewa hupoa, udongo bado una unyevu wa masika, na hata mwenye matuta mawili yaliyobanwa kati ya ukuta na tangi la maji anaweza kula kutoka kwenye shamba lake.

Leo hatutazungumzia upandaji. Wengi wetu twajua kupanda, au tunaye jirani ajuaye. Linalotushinda aghalabu ni lile linalokuja baada ya kupanda: kukata matawi, kuchuma kwa utaratibu, na kukitunza chuma tunachokatia. Hilo la mwisho ndilo tunaloanza nalo, kwa sababu ya kisa ambacho bado kinatuuma.

Katika mtaa mmoja wa kusini mwa Mombasa kuna nyumba sita zilizogawana kiwanja kidogo cha bustani. Mmoja wa wenye matuta ni mjane aliyekuwa akiuza mabiringani na nyanya kwa majirani, na katika fedha hiyo akitoa ada ya mwanawe. Siku moja alituita. Tulipofika alitusimamisha mbele ya tuta lake akasema, "Sheikh, tazama. Miti yangu yalala mchana kama iliyopigwa na jua, na jioni yaamka. Juzi ilikuwa miwili, leo ni saba. Nami simwagilii haba. Hili si jicho hili?" Kisha akapunguza sauti na kututajia jirani ambaye, kwa maneno yake, alisimama ukutani siku ya Jumapili akayasifu mabiringani yale bila kusema mashaallah.

Ndugu msomaji, sisi hatukanushi kwamba jicho lipo. Lakini pia hatukubali kwamba kila kinachonyauka kimetazamwa. Tulimwomba bilauri ya kioo yenye maji safi na kisu. Tukakata kipande cha shina la mmea mmoja uliokuwa umelala, karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, tukakishikilia ili ncha iliyokatwa iguse maji bila kukitikisa. Haukupita muda mrefu, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina uzi mweupe, mfano wa tui jembamba linapomiminwa ndani ya maji. Huo ndio ushahidi wa maradhi yaitwayo mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake huishi udongoni, huingia kwa mizizi au kwa jeraha lolote, hujaa katika mishipa ya mmea na kuziba njia ya maji. Mmea hunyauka ungali wa kijani, bila majani yake kugeuka manjano kwanza, na hiyo ni alama ya kuutofautisha na kiu au upungufu wa mbolea. Mwanzoni huamka usiku kwa sababu jua halivuti maji. Baada ya siku chache hauamki tena.

Tulipouliza kisu cha kukatia kilikuwa cha nani, ikadhihirika kwamba nyumba zote sita hutumia kisu kimoja na mkasi mmoja. Zana hizo huanza kwenye tuta la mwisho kando ya mfereji, ambako minyanya ilikuwa imekufa mwezi uliotangulia na kung'olewa bila mtu kuuliza sababu, kisha hupita mkono kwa mkono mpaka kwa mjane. Hakuna aliyeosha. Kwa nini aoshe? Kisu kilikuwa kinakata tu majani. Jirani aliyeshukiwa kwa jicho hakuwa amegusa kitu. Yeye hana hata tuta. Ila nyumba mbili zile zilikuwa zimeacha kusalimiana kwa siku kumi na mbili, na mtoto wa huku alikwisha kukatazwa kucheza na mtoto wa kule.

Hili ndilo lililotufanya tuandike. Wanafunzi wa fikihi wanajua mlango wa ariya, yaani kuazima, na wanajua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi mwenye kuazima hubeba dhamana ya kile alichoazima kikiharibika kwa njia isiyokuwa matumizi aliyoruhusiwa. Aghalabu twaufikiria mlango ule kwa sufuria iliyotoboka au baiskeli iliyopotea. Lakini jembe laweza kurudi kwa mwenyewe likiwa zima kabisa, halikuvunjika mpini wala halikupata pengo, na bado likawa limembebea hasara ya msimu mzima. Udongo ulioganda kwenye jembe ni mzigo. Maji ya mmea yaliyokauka kwenye kisu ni mzigo. Anayerudisha zana na airudishe ikiwa imeoshwa, na anayepokea na aioshe tena bila kuona haya, wala mwenzake asione ametukanwa.

Sasa, kuosha ni vipi?

Kwanza udongo wote utoke. Dawa yoyote ya kuua vijidudu hushindwa na matope, kwa kuwa matope huificha ile sehemu inayotakiwa kufikiwa na pia huidhoofisha dawa yenyewe. Tumia maji na sabuni, na kwa kusugulia hakuna kilicho bora kuliko kumbi la nazi lililochanwa kwa urefu. Kutu ikiwa imeshika, ongeza majivu laini ya mekoni au kipande cha msasa. Kwa jembe na sepetu hiyo inatosha kwa siku za kawaida, maadamu utakausha kwa kitambaa baada yake.

Kwa kisu na mkasi, ambavyo huingia ndani ya nyama ya mmea, yapasa kuongeza hatua ya pili. Chukua ile dawa ya kufulia nguo nyeupe ambayo sote twaiita jiki, kipimo kimoja, na maji vipimo tisa. Zitumbukize zana zilizokwisha kuoshwa kwa muda wa nusu saa, kisha zisuuze kwa maji safi, zikaushe na uzipake mafuta, maana dawa hiyo hula chuma. Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Ikikaa juani au ikiingia uchafu hupoteza nguvu, na kesho yake utakuwa unachovya kisu kwenye maji matupu yenye harufu. Usiichanganye na siki wala na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo au sakafu, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa. Na ndoo yake isiachwe chini mahali penye mtoto anayetambaa.

Mwenye kukata mimea mingi kwa siku moja hawezi kungoja nusu saa kwa kila mmea, hilo twalielewa. Hila yake ni visu viwili. Kimoja kikiwa mkononi, cha pili kiwe kimelala ndani ya dawa. Ukihama mmea, badilisha. Hivyo kila kisu hupata dakika zake, nawe hubebi maradhi ya mmea wa kwanza hadi wa ishirini. Wengine hutumia spiriti ya dukani kwa kupangusa, nayo hufanya kazi kwa haraka na haili chuma. Wapo wanaosita kuitumia kwa sababu wanazozijua, na mjadala wake si wa safu hii. Maji yanayochemka nayo ni dawa: kisu kikikaa ndani ya sufuria inayotokota kwa dakika kadhaa, vijidudu vya mnyauko havisalimiki. Tahadhari tu sufuria hiyo isiwe ile ya uji.

Kwa kuwa tumetaja sufuria, kisu cha bustani na kiwe cha bustani. Kitie alama, kifunge kitambaa chekundu mpinini, kitundike mahali pake. Kisu kilichokata mizizi iliyolala katika samadi hakirudi kukata kachumbari.

Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana, naye ni chumvi ya bahari iliyomo hewani. Jembe linaloachwa nje usiku mmoja mjini Lamu au Malindi asubuhi huwa limekwisha kupata rangi ya kutu. Kwa hivyo mafuta si anasa. Mafuta ya nazi yanafaa, na ya cherehani yanafaa. Tone kidogo kwenye kitambaa, pangusa chuma chote, na usisahau ile skurubu ya katikati ya mkasi. Tumeona pia watu wanaoweka ndoo ya mchanga uliochanganywa na mafuta kidogo, wakawa wanatumbukiza jembe na sepetu humo mara mbili tatu baada ya kazi. Mchanga husugua na mafuta hukinga. Ni njia nzuri sana, kwa sharti moja: mchanga uwe wa mto. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na mwenye kuutumia huwa analisha kutu kwa mkono wake.

Mipini nayo isisahauliwe. Isiachwe juani mpaka ikapasuka, wala ndani ya maji mpaka ikavimba. Mpini uliopasuka hujeruhi kiganja, na kichwa cha jembe kilicholegea kinaweza kuruka kikampata mtoto aliyesimama nyuma.

Kisha makali. Kisu butu hakikati, huponda. Shina lililopondwa lina jeraha pana, lenye nyuzi zinazoning'inia, ambalo huchukua muda mrefu kukauka na hualika ukungu. Kisu kikali huacha jeraha dogo, laini, ambalo katika asubuhi yenye upepo wa kusi huwa limekauka kabla ya adhuhuri. Kinoo kitumike kwa kisu na mkasi. Tupa itumike kwa jembe. Tupa husukumwa mbele na kuinuliwa, hairudishwi nyuma ikiwa imegusa chuma, kwa sababu meno yake yameelekea upande mmoja na kuirudisha ni kuyaua bure. Fuata mchinamo ule ule uliotoka na jembe kiwandani. Mafundi wa visu sokoni hufanya kazi hii kwa malipo madogo, na hatuoni aibu kusema kwamba mkasi wetu huenda kwao.

Hapo sasa twaweza kuuendea mmea.

Nyanya ndizo zinazodai mkono zaidi, na ndizo watu wanazozikosea zaidi. Jambo la kwanza ni kujua una nyanya ya aina gani. Ziko zinazorefuka bila kikomo, zikitaka mti au kamba ya kupandia, kama Money Maker na zile chotara zinazopandwa katika vibanda vya plastiki. Na ziko fupi, za kichaka, ambazo hufika urefu wake zikasimama, kama Cal J na Rio Grande. Hizi fupi usizikate sana. Matunda yake hushika kwenye matawi yale yale unayotaka kuyaondoa. Tumeona kijana aliyejifunza kupogoa kutoka kwa mwenye kibanda cha plastiki akaja akaikata Cal J mpaka ikabaki fimbo, kisha akalalamika kuwa mbegu ilikuwa mbaya.

Kwa zile ndefu, tazama katika kwapa la kila jani, pale jani linapokutana na shina. Humo huchipuka tawi dogo. Likiachwa huwa shina la pili, nalo huzaa machipukizi yake, na baada ya mwezi huna mnyanya bali kichaka chenye majani mengi na nyanya ndogo zilizojificha gizani. Chipukizi hilo liondolewe likiwa halijazidi urefu wa kidole. Kwa udogo huo huhitaji kisu. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada, lipinde upande mmoja kisha wa pili, litakatika lenyewe. Likiwa limekwisha kuwa nene kama kalamu, tumia kisu kikali na usilivute, maana litachuna ngozi ya shina. Wengi huacha shina moja. Sisi hupenda kuacha mawili, shina kuu na lile chipukizi lililo chini kidogo ya kichala cha kwanza cha maua, kwa kuwa jua letu ni kali na majani ya shina la pili huwa kivuli kwa matunda.

Kivuli hicho si jambo dogo. Nyanya iliyovuliwa majani yote huungua: upande uliolielekea jua hupata bakuli jeupe, gumu, ambalo baadaye huoza. Basi ondoa majani ya chini yanayogusa ardhi, kwa sababu tone la maji likipiga udongo huruka na mbegu za batobato na kuzipandisha kwenye majani hayo. Matunda ya kichala cha kwanza yakikaribia kukomaa, waweza kuondoa majani yote yaliyo chini yake. Yaliyo juu yaache. Wala usivue majani mengi kwa siku moja. Matatu manne leo, mengine juma lijalo.

Saa ya kukata ni asubuhi, umande ukisha kukauka. Usikate mmea ukiwa umelowa, wala mvua ikiwa yanyesha, wala jioni ambapo jeraha litalala wazi na unyevu wa usiku. Mimea iliyo mizima ishughulikiwe kwanza, na ile unayoitilia shaka iwe ya mwisho, hata kama iko karibu na mlango.

Mikono nayo ni zana. Yako maradhi ya minyanya na mipilipili, yale yanayoyapa majani mabaka ya kijani kibichi na manjano na kuyakunja, ambayo husafiri kwa mguso tu. Maradhi hayo asili yake yamejulikana sana katika tumbaku, na hukaa hata katika majani ya tumbaku yaliyokwisha kukaushwa. Kwa hivyo mwenye kuvuta sigara, au kutia tumbaku katika tambuu yake, na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia bustanini. Wazee wetu watatuwia radhi kwa kulitaja hili mara ya pili mwaka huu. Mara ya kwanza tulilitaja kwa ajili ya meno yao.

Mbiringani ni mvumilivu na una zawadi ambayo wengi huitupa. Baada ya mavuno ya kwanza, mmea huchoka, majani hukunjamana, mabiringani huwa madogo na machungu, na mwenyewe huung'oa. Usiung'oe, ikiwa shina lake ni zima. Kata matawi yote, uache kisiki chenye urefu wa shubiri moja au moja na nusu, kila tawi likatwe kwa mshazari juu kidogo ya jicho linaloelekea nje. Weka samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina bila kuligusa, mwagilia, na ungoje. Utachipua upya na kuzaa tena. Mipilipili hukubali jambo hilo hilo, na mibamia pia.

Tukiwa kwenye bamia: tatizo lake si kupogoa bali uvivu wa kuchuma. Bamia huchumwa kila baada ya siku mbili, ikiwa na urefu wa kidole cha kati. Ikiachwa ikakomaa mbegu, mmea huhesabu kuwa kazi yake imekwisha na hupunguza maua. Kata kikonyo kwa kisu, usikivunje, na uvae nguo ya mikono mirefu kama ngozi yako huwashwa na vinyoya vyake.

Mchicha ukatwe juu kidogo ya ardhi, uachiwe majani mawili matatu ya chini, nao utachipua pembeni. Ukiung'oa na mizizi umekula mara moja tu. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwanza, yakivutwa kwa kushuka ili yatoke na kikonyo chote, na kileleni yabaki matano au sita. Majani yaliyogeuka manjano hayana faida kwa mmea wala kwa mla; yaondoe, kwani chini yake ndipo vidukari wanapojenga miji yao. Kunde na matembele hukatwa ncha, na kadiri unavyozikata ndivyo zinavyotawanyika. Hizi hazina maneno mengi.

Maji yana maneno, hususan kwetu. Visima vingi vya kisiwani Mombasa na vya miji ya ufuoni vina chumvi, na hiyo chumvi haionekani mpaka ncha za majani zianze kuungua. Ikiwa huna maji mengine, mwaga chini kwenye udongo, kamwe si juu ya majani. Na ni heri kumwagilia kwa wingi mara chache, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi, kuliko kunyunyiza kidogo kidogo kila siku mpaka chumvi ikabaki juu ikaganda. Maharagwe hayaistahimili. Spinachi huistahimili vizuri kuliko mboga nyingi. Tandaza majani makavu juu ya tuta ili jua lisinyonye unyevu. Makumbi ya nazi pia hutandazwa, lakini uliza kwanza yametoka wapi: yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi na lazima yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa. Misikiti kadhaa imeanza kuyakinga maji ya udhu na kuyapeleka kwenye miti. Maji yale hayana sabuni, na bustani ya mboga ingeyafurahia. Kamati ambazo bado zinayaacha yaingie kwenye mfereji zilifikirie jambo hili.

Neno moja juu ya dawa za wadudu. Hatuzikatazi. Twakataza kupima dawa kwa kijiko cha jikoni, kuweka dawa katika chupa ya soda, na kuchuma kesho mboga iliyonyunyizwa leo. Kila dawa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuchuma. Asiyeweza kuzisoma amwombe mwanawe amsomee kabla ya kufungua kifuniko. Chupa ikiisha itobolewe isipate kuchotewa maji. Na kabla ya hayo yote, vidukari wengi huondoka kwa maji ya sabuni na subira ya siku tatu.

Turudi kwenye kile kiwanja, kwa kuwa tumeulizwa na zaidi ya mtu mmoja afanyeje tuta likisha kuingia mnyauko. Dawa ya kuuponya mmea hakuna, na anayekuuzia chupa akidai ipo anakula fedha yako. Ng'oa mmea mgonjwa pamoja na mizizi na udongo ulioushika, utie ndani ya gunia papo hapo ili usimwage udongo njiani, uuchome ukikauka. Usiutie katika shimo la mbolea. Katika tuta hilo usipande nyanya, mabiringani, pilipili, viazi mviringo wala mnavu kwa misimu kadhaa, kwa kuwa hizo zote ni ukoo mmoja na vijidudu vinazingoja. Panda mahindi au vitunguu. Magugu ya jamii ya mnavu yanayojiotea yang'olewe pia, maana huyahifadhi maradhi bila kuonyesha dalili. Maji yanayotiririka kutoka tuta hilo yasielekezwe kwa jirani. Chimba kijifereji cha kuyageuza. Na viatu vilivyoingia humo vioshwe nyayo kabla ya kuingia kwingine.

Ukiung'oa mmea ukaona mizizi ina vinundu kama shanga, hayo ni maradhi mengine, ya minyoo ya mizizi, ambayo hupenda sana udongo wetu wa mchanga. Nayo husafiri na jembe lenye matope. Hupunguzwa kwa kutia samadi nyingi na kwa kubadilisha mazao. Mahali ilipozidi, acha bamia na nyanya kwa muda.

Mjane wetu ameng'oa mibiringani kumi na minne. Amepanda mahindi upande huo, na mchicha katika mifuko ya udongo aliyoitoa kwingine, naye mchicha huuchuma kila baada ya majuma matatu. Nyumba zile sita sasa zina visu sita, na ndoo moja ya dawa inayochanganywa kila asubuhi na yule anayeamka kwanza. Ama jirani wa ukutani, tulikwenda kumweleza habari ya bilauri na ule uzi mweupe, tukiwa pamoja na mama mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nimesikia," akatuletea kahawa. Watoto walikuwa wamekwisha kurudi kucheza kabla hatujamaliza kikombe cha kwanza.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu maswali ya kitalu na kivuli cha makuti. Walioleta maswali juu ya mirathi wasubiri ukurasa wa tatu.